Maji ya Upande wa Nyumba

Kazini walimwita Pua, na kwa jinsi jina lilivyomkaa, hata karani wa mishahara alishasahau lile la kwenye kitambulisho. Kazi yake ilikuwa kutoboa ardhi. Kabla ya jengo kubwa kusimama mahali, yeye na mtambo wake hutangulia, wakalizamisha bomba la chuma chini, wakapandisha udongo wa kila tabaka, ili wajenzi wajue wataegemea nini: mchanga, udongo wa mfinyanzi, mwamba au maji. Wenzake waliufinya udongo huo wakautia kwenye mifuko. Yeye kwanza aliunusa. Aliuweka kiganjani, akafumba macho, akavuta pumzi taratibu kama mpishi juu ya sufuria, ndipo akasema ni udongo gani na una tabia gani. Mkewe alikuwa na mzaha wake juu ya jambo hilo. Alidai siku ya posa hakuulizwa ukoo wala umri, alinuswa tu akapita.

Usidhani alikuwa mganga. Ni mazoea ya mtu aliyeanza kwa kubeba mabomba begani na kuendelea mpaka masikio yakawa mazito kwa kelele za mtambo, na mgongo ukawa na malalamiko yake kila asubuhi. Alishaona sakafu ya ghala ikimeza lori. Alishaona ukuta wa shule ukipasuka toka juu hadi chini wiki moja kabla ya kufunguliwa, na mkandarasi akiapa kwamba ardhi ile ilikuwa ngumu kama moyo wa tajiri. Kwa hiyo hakuamini ramani, hakuamini karatasi, wala hakumwamini mtu aliyezaliwa palepale kwenye kiwanja akakuambia anakijua. Katika dunia nzima alimwamini mtu mmoja bila kumnusa, dada yake mkubwa, na kwa imani hiyo safu nzima ya nyumba ilikuwa inaelekea pabaya bila wenyewe kujua.

Huyo dada ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, msichana aliacha shule, akakalia cherehani ya mtu mwingine mpaka akapata yake, na mdogo wake akakulia chini ya meza ya kushonea, akichezea vipande vya vitambaa. Alimwogesha, alimchapa, alimshonea kaptula kwa mabaki ya sare za wenzake. Nyumba aliyojenga baadaye ilitoka kwenye cherehani hiyohiyo, chumba baada ya chumba, dirisha likisubiri msimu wa shule kufunguliwa ndipo lipate kioo. Ilikuwa nyumba ndogo yenye ua safi na kisima chenye mfuniko wa bati. Mumewe alifia humo, watoto waliolewa na kuoa wakitokea humo. Alipokuwa akisema "kwangu", hakuwa na maana ya mtaa wala mji, alikuwa na maana ya kuta zile nne na kile kisima.

Nyuma ya ukuta wa ua palikuwa na kiwanja cha zamani cha kufyatulia matofali, kimejaa magugu na mashimo. Siku moja magugu yakafyekwa. Likatangazwa jengo la ghorofa nyingi kwenda juu, na ghorofa mbili za kuegesha magari kwenda chini. Walioitwa kuipima ardhi walikuwa kina Pua.

Alitoboa kiwanja chote. Upande wa barabarani ardhi ilikuwa na heshima zake, lakini alivyosogea upande wa nyumba, kwenye safu ya dada yake na majirani, alianza kupandisha udongo wa mfinyanzi mweusi, mnono, wenye harufu ya majani yaliyooza kwenye mtaro, na chini yake mchanga mwembamba uliojaa maji. Aliunusa mara mbili. Mhandisi wa udongo, mwanamke mpole wa maneno na mkali wa kazi, alimwuliza anaonaje. Pua akasema udongo ule unabeba nyumba kwa sababu umeshiba maji; ukinyimwa maji utanywea, na nyumba zitashuka nao, kama mlalaji anavyoshuka godoro likitolewa pamba. Mhandisi alikuwa ameshafika hapohapo kwa hesabu zake, na majibu ya maabara yalipokuja yakasema vilevile. Kwa hiyo hakuna aliyekosa ujuzi hapa. Hilo ndilo linaloniudhi mimi kila nikiikumbuka habari hii.

Mhandisi aliweka sharti. Shimo la msingi lichimbwe, maji yavutwe kwa pampu ili wachimbaji wafanye kazi pakavu, lakini maji ya upande wa nyumba yaangaliwe kila siku. Yakishuka chini ya alama fulani, pampu zizimwe siku hiyohiyo, na ujengwe kwanza ukuta wa chini kwa chini wa kuyazuia kabla ya kuendelea. Mkandarasi alikunja uso, maana ukuta ule ungemchelewesha, ila alikubali. Pua akazamisha bomba la kupimia mpakani. Wiki ya kwanza tu ya uchimbaji, lori la kokoto likalikanyaga na kuliharibu.

Bomba jingine likaagizwa, na kama ilivyo desturi ya vitu vilivyoagizwa, likawa linakuja. Ndipo Pua akapendekeza kisima cha dada yake, kilichokuwa hatua chache tu nyuma ya ukuta. Mhandisi alikitazama akaridhika, akamwagiza apime mwenyewe kila asubuhi, asimtume mtu. Akaitikia, na siku za mwanzo alipima kweli. Lakini ili kutoka langoni pa kiwanja hadi kwa dada ilibidi kuuzunguka mtaa mzima, na kule nyuma mtambo unangoja, vibarua wanangoja, na dada naye alishachoka na viatu vya matope kwenye ua alioufagia.

"Hebu nifundishe," dada alisema asubuhi moja. "Mtu aliyepima viuno vya mtaa huu wote atashindwa kupima kisima?"

Akamfundisha. Kamba yenye mafundo, kipande cha chuma mwishoni. Unaishusha, unaipandisha, unaangalia fundo la juu kabisa lililolowa, unapiga simu. Dada alijaribu, akapatia mara ya kwanza. Alipokuwa akiikunja kamba aliuliza, na yakishuka itakuwaje? Pua alikuwa ameshaelekea mlangoni, simu inaita mfukoni.

"Yakishuka sana, Dada, mtahamishwa," akasema, akaondoka.

Tangu siku hiyo simu ilipigwa kila asubuhi bila kukosa. "Yako palepale, mdogo wangu." Pampu zilinguruma mchana kutwa, mabomba ya kupimia ya pande nyingine tatu yakaonyesha maji yanashuka kama ilivyotarajiwa, lakini upande wa nyumba yako palepale. Mhandisi alishangaa. Alisema maji ya upande ule yana ukaidi wa ajabu, na akamwuliza Pua kama kuna kitu chini walichokipita bila kukiona. Pua akafikiri, akakumbuka ule mfinyanzi mweusi, akasema labda umejikunja kama bakuli na unayashika maji yasitoke. Maelezo mazuri. Aliyapenda mwenyewe, na mhandisi aliyaona yanawezekana ingawa hakuacha kuuliza habari za bomba lililoagizwa. Mkandarasi hakutaka kujua ni bakuli au sinia. Akaongeza pampu.

Siku ya mapumziko Pua alikwenda kumsalimia dada yake. Mlango wa mbele ulikwaruza sakafu, ikabidi ausukume kwa goti. Dada akasema mbao zimevimba kwa unyevu. Kabati la vyombo, ambalo tangu alijue lilikaa karibu na dirisha, lilikuwa limehamishiwa kona ya pili, na pale lilipohamia ukuta ulikuwa na rangi mpya pembeni. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Dada alikuwa ameziba, tena kwa mkono wake, kwa saruji na mwiko wa kuazima, na juu yake akaweka kabati. Jikoni alikuwa akikaanga vitunguu, na mafuta yote yalikuwa yamekimbilia upande mmoja wa kikaango. Pua aliyaona. Kwenye pembe ya ua yalikuwa madumu ya maji yaliyofunikwa kwa shuka, nayo aliyaona. Mfuniko wa kisima ulikuwa umewekewa jiwe.

Aliuliza madumu ni ya nini. Dada akasema kisima kinapimwa, hivyo amekataza watu kuchota wasije wakaivuruga kazi ya mdogo wake. Jibu lilimwingia Pua vizuri, hata akaona fahari kidogo. Wakati huo akaingia Mama Pacha, jirani wa ukuta kwa ukuta, na mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Alikuwa na wasiwasi: juu ya kitanda cha watoto pametokea mstari ukutani, anaona kama unaongezeka. Alimwuliza Pua moja kwa moja kama ni jambo la kuogopa. Kabla hajafungua mdomo dada akajibu kwamba maji yapo palepale, ndugu yake mwenyewe ndiye mpimaji, nyumba zote hupata mistari zikizeeka kama watu. Mama Pacha akamtazama Pua. Pua akaitikia kwa kichwa, na yule mama akaenda zake ametulia.

Alipoondoka, Pua aliinyanyua kamba iliyokuwa imetundikwa msumarini. Hakuwa na nia mbaya. Mikono ilikwenda yenyewe.

"Unapima maji," dada aliuliza kutoka jikoni, "au unanipima mimi?"

Sasa wewe ambaye hujalelewa na dada waweza kusema angejibu hivi au vile. Yeye aliirudisha kamba msumarini. Kumpima tena mtu aliyekufuta kamasi ni kumwita mwongo, na neno hilo hakuwa nalo kinywani kwa ajili yake. Usiku alimsimulia mkewe habari za kabati na mafuta kwenye kikaango, akitarajia kuambiwa si kitu. Mkewe akamwambia kwamba udongo wa watu anaunusa, wa kwao anaupita. Akakasirika, akageukia ukutani.

Wiki iliyofuata maji ya pampu yalibadilika. Yalikuwa yakitoka meupe, yakimwagika mtaroni bila habari. Siku hiyo yakaanza kutoka na ukungu wa kijivu. Pua aliinama kwenye mdomo wa bomba, akakinga kiganja, akasugua kwa kidole gumba. Kulikuwa na mchanga mwembamba, laini kama unga uliochekechwa. Akanusa. Harufu ya majani yaliyooza ilimpanda puani mpaka ikamfanya asimame wima. Pampu hazikuwa zikivuta maji peke yake. Zilikuwa zinavuta na ardhi, kidogo kidogo, tena kutoka upande ule ambao kila asubuhi alikuwa akitangaza kuwa hauna neno.

Mhandisi alifika naye akatazama. Kisha akamgeukia Pua.

"Kisima umekipima mwenyewe leo?"

"Nimekipima," akasema Pua.

Ulimi uliteleza kwa wepesi uliomtisha. Mhandisi akasema kama maji ya kule hayajashuka basi mchanga huu lazima uwe unatoka mahali pengine, ila hataruhusu mambo yaendelee hivi. Kesho asubuhi atakuja naye kisimani. Mkandarasi alikuwa amesimama pembeni, akauliza kama leo anaweza kuendelea. Mhandisi akamtazama Pua tena, akasubiri, na Pua hakusema kitu. Pampu zikaendelea.

Hakumaliza kazi. Alivua kofia ngumu, akauzunguka mtaa kwa miguu, jua la alasiri likimpiga kisogoni. Dada hakuwapo, alikuwa amepeleka sare kwa mteja. Geti la ua lilikataa kufunguka mpaka alipolinyanyua. Akaondoa jiwe, akafunua bati, akashusha kamba. Mafundo yakapita vidoleni, moja baada ya jingine, yote makavu, mpaka kamba ikaisha na chuma kikagonga kitu kigumu. Alikipandisha. Kilikuwa na vumbi. Alikinusa hata hivyo, na hakikunuka chochote.

Alikuwa bado amekishika dada alipoingia na kapu lake. Aliitazama kamba, akamtazama yeye, akaweka kapu chini polepole.

"Tangu lini?" Pua aliuliza.

"Tangu kabla hamjaongeza pampu." Hakujitetea, hakuinua sauti. "Asubuhi moja nilishusha kamba, sikuona fundo lililolowa. Nikakaa hapo juu ya jiwe. Nikasema nikimwambia, kesho ataleta gari tuhame. Mimi nitaenda wapi, mdogo wangu? Nikae kwa nani nikiwa mzee hivi?"

"Dada, nani alikwambia utahamishwa?"

"Wewe."

Pua akamweleza, na kila neno lilitoka kama mwiba. Kwamba yakishuka, kinachofuata kwanza ni kuzima pampu. Kwamba kupima kote kule kulikuwa kwa ajili hiyo tu, ili kisima kikisema "nimepungukiwa", mashine zisimame na ukuta ujengwe, na nyumba zibaki zilipo. Kuhamisha watu lilikuwa jambo la mwisho kabisa, la siku ambayo kila kitu kimeshindikana. Kila asubuhi aliyosema yako palepale, kule ng'ambo walizidi kuvuta. Dada alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama, mikono imeshika upindo wa nguo yake.

"Hukuniambia hivyo," akasema.

"Sikukuambia."

"Ungeniambia, ningekwambia siku ileile."

Ilikuwa kweli tupu. Maneno aliyokuwa ameyabana yangetosha kusemwa katika hatua za kutoka kisimani hadi getini. Pua alikuwa na haraka, na aliona haya kumsomesha mkubwa wake. Alikaa kwenye ukingo wa kisima, akampigia mhandisi simu, akamweleza kisima ni kikavu na kimekuwa kikavu kwa muda. Kisha mhandisi akauliza swali moja, na kwa sauti ya simu dada alilisikia: ni nani aliyekuwa akipima?

"Mimi," akasema Pua.

Mhandisi hakugomba, na ingekuwa afadhali angegomba. Alisema anazima sasa hivi. Akasema mchanga uliotoka umeacha mashimo chini ya safu ile, hajui ni makubwa kiasi gani wala yako chini ya nani, na watu wote watoke kabla jua halijazama, wasirudi kuchukua hata kijiko. Muda si muda ngurumo iliyokuwa imejaa mtaa kwa wiki nyingi ikakatika. Ukimya ulioingia ulikuwa mbaya zaidi. Ndani yake walisikia udongo ukimeguka mahali fulani chini ya kisima, ukianguka, na ukichukua muda mrefu kufika.

"Maji yakirudi," dada aliuliza, "nyumba itanyanyuka?"

Maisha yake yote Pua alikuwa akijibu maswali ya namna hii kwa watu asiowajua, wakiwa wamevaa kofia ngumu.

"Hapana, Dada. Udongo ukishanywea haurudi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Dada akaitikia kwa kichwa mara moja, akafunga kanga kiunoni, akatoka getini bila kuingia ndani, bila kuitazama cherehani iliyokuwa ikionekana dirishani. Walianza kugonga milango, yeye upande huu, Pua upande ule. Watu walitoka na maswali, wengine na sufuria mkononi. Mlango wa Mama Pacha ulikuwa umekaza kwenye fremu, haukufunguka kwa ndani wala kwa nje, na Pua alilazimika kuupiga bega mara kadhaa, chokaa ikimwagika kichwani, huku watoto wakilia upande wa pili. Ulipoachia, dada aliingia kabla yake. Akatoka na mtoto kila mkono, mama yao nyuma yake. Juu ya kitanda ule mstari ulikuwa umeshakuwa mpana kiasi cha kupitisha mwanga wa jioni.

Walisimama ng'ambo ya barabara pamoja na wengine. Mama Pacha aliwapapasa wanawe miguu na vichwa, akahakikisha wako wazima, kisha akamgeukia dada huku machozi yanamtoka. Alisema Mungu amweke. Alisema bila yeye, nani angewakumbuka? Watu wakubwa wa kule kiwanjani wasingekuja kuwaambia.

"Usinishukuru," dada alisema. "Mama Pacha, nakuomba, usinishukuru."

Yule mama akadhani ni unyenyekevu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akazidi kumshukuru.